Chemchemi Isiyotajwa

Siwezi kuutazama Mlima Meru nikiwa nimekaa. Nikikaa, mguu unaanza kutikisika, mkono unatafuta kitu cha kushika, mwisho najikuta nimesimama uani kwangu hapa Themi na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Kilele kikiwa wazi naona kimenisogelea mno. Kikijifunika naona kimeninyima. Mama yangu husema nilizaliwa na upupu mwilini, na sina hoja ya kumpinga.

Kwa hiyo mashairi yangu yote nimeyatunga nikitembea. Nafundisha Kiswahili sekondari, na asubuhi kabla ya vipindi hushuka hadi Mto Themi, nikafuata kingo zake ambako magugu na mifuko ya plastiki vinagombea nafasi, huku nikihesabu mizani kwa vidole. Jumapili alasiri redio moja ya hapa mjini hunipa nafasi ya kusoma. Nimesoma ukungu, nimesoma mbega wa msituni, nimesoma mvua ya vuli inavyonukia kabla haijafika. "Ukungu wa Meru shuka, nifunike na mashaka," ndivyo linavyoanza lile ambalo wengi wanalikumbuka, na wanalikumbuka kwa sababu halimsumbui mtu. Ukungu haudai haki. Nimealikwa kulisoma kwenye hafla nyingi za kupanda miti, zile ambazo kiongozi anashika jembe jipya, anapigwa picha, anaondoka, na hakuna anayerudi kuumwagilia mti wenyewe. Nilikuwa nasoma, napigiwa makofi, nakula pilau, narudi nyumbani nikiwa nimenuna bila kujua nimemnunia nani.

Shairi lililonitia matatani lilikuwa la chemchemi ya nyumbani.

Nyumbani kwetu ni juu ya Maji ya Chai. Unaacha lami na vibanda vya ndizi na mabasi yanayopita kama yanafukuzwa, unapanda katikati ya migomba na kahawa mpaka hewa inabadilika. Mama ni Mchaga wa Machame aliyeolewa Umeruni, na hajaacha kutukumbusha kwamba migomba ya kwao ni mirefu zaidi. Chini ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo ambalo ndani yake pia ndimo tunamozikana, palikuwa na bonde dogo lenye mkuyu mmoja na miringaringa kadhaa mikubwa, na kwenye mizizi yao palitoka maji. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuamka na nyimbo, lakini akifika pale alivua kofia. Siku moja, nikiwa binti mdogo mwenye maswali mengi, nilimuuliza anamvulia nani. "Navua tu," akasema. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, mengine mazuri sana, na hakuna lililonikaa kichwani kama jibu lile. Sijui hata sasa kama baba alikuwa na dini mbili au alikuwa na moja iliyotosha.

Maji mengi ya upande wetu yana madini yanayopaka meno rangi ya kahawia. Mtu wa Arusha akicheka ugenini wanamjua alikotoka kabla hajataja. Ila maji ya chemchemi yetu hayakuwa hivyo. Wanawake wa majirani walichota pale maji ya kunywa na ya uji wa watoto, ya kufulia wakachota kwingine. Hapakuwa na lango wala zamu. Kihamba ni chetu, maji ni ya watu: baba alisema hivyo, na babu alisema hivyo kabla yake, na sisi tuliokua pale hatukuona kama ni wema. Tuliona ndivyo maji yalivyo.

Baba alipofariki, boma lilibaki kwa mdogo wangu, mwanamume wa mwisho, kama ilivyo desturi. Nataka nimtendee haki huyu mdogo wangu, maana nampenda. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukazoea joto lake. Ni mtu wa watu. Msibani anafika wa kwanza, arusini anaondoka wa mwisho, na hajawahi kusahau jina la mtoto wa mtu. Basi mtu huyu alileta katapila, akasawazisha bonde lile ajenge nyumba za wageni kwa ajili ya watalii wanaoelekea hifadhini. Miringaringa ikawa mbao. Mkuyu, ambao haufai hata kwa mbao, ukawa kuni. Kabla ya masika kufika chemchemi ilikuwa tope, na masika yalipopita ilikuwa jiwe.

"Ni ukame, Dada," aliniambia kwenye simu. "Mabadiliko ya tabianchi."

"Tabianchi ndiyo iliyopanda katapila?"

Akakata simu. Wanawake wakaanza kushuka hadi kwenye bomba la chini, maji yale yale ya kupaka meno, na watoto wanaoota meno sasa watakuja kucheka huku wameziba mdomo. Ndipo mimi, mshairi wa ukungu, nikashindwa kutunga ukungu. Nilitembea kando ya mto wiki nzima nikiwa na hasira kiasi kwamba wauza mboga walionizoea waliacha kunisalimia. Kilichotoka kilikuwa hiki, na kilikuwa na beti nyingine nyuma yake, kali kuliko huu:

*Mringaringa simama, nikuulize habari,*
*Maji yalikoegama, nani kayapa safari?*
*Ndoo tupu zalalama, koo zasubiri heri,*
*Mlima umetazama, kimya kama cha kaburi.*

Kwenye beti za nyuma nilimjibu huyo "nani." Sikumtaja kwa jina, lakini nilitaja boma, katapila na nyumba za wageni, na kule kwetu hayo yanatosha. Kanisa la nyumbani lilikuwa limeniomba nisome shairi kwenye sikukuu ya mavuno, uwanjani, baada ya ibada na kabla ya mnada wa mazao. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe kwamba nitasoma la chemchemi. Wakati huo alikuwa anaomba kuteuliwa na chama chake agombee udiwani wa kata. Tukaacha kusemeshana, na Mama katikati yetu akawa anapiga simu kwangu asubuhi na kwake jioni, akirudia methali moja kwa wote wawili: damu ni nzito kuliko maji. Mara ya tatu nilimjibu kwamba damu hainywewi. Nikajuta, nikasimama, nikatoka nje kuutazama mlima.

Jumamosi moja alasiri mdogo wangu akaja Themi mwenyewe. Nilimkuta amesimama getini na shati jeupe lililopigwa pasi, bodaboda iliyomleta ikimsubiri ng'ambo ya barabara. Mikononi, mikono yote miwili, alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Anayetoka Umeruni au Uchagani hahitaji kuambiwa. Kwa wengine nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu, ukalifunga jani lake fundo, ukampelekea kwa mikono miwili, hawezi kukukataa. Hata kama uliua. Akishalipokea, jambo limekufa. Halitajwi tena, si kwa hasira wala kwa utani. Wachungaji wengine hawalipendi, wengine wanafumba macho. Mama yangu, ambaye hajakosa meza ya Bwana tangu kipaimara, husema msalaba na isale havijawahi kugombana nyumbani kwake.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umepotea."

"Nimekuja kuomba yaishe."

"Yapi?"

Akatazama chini. "Yale ya bondeni."

Macho yake yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya kuigiza, namjua akiigiza. Lakini kura za chama zilikuwa zimekaribia, na shati lile lilikuwa jeupe mno. Sikuweza kujua nimeletewa jani au bango la kampeni. Nadhani hata yeye hakujua. Hiki ndicho kinachonichosha katika siasa zetu: mtu anaweza kulia kweli na kutafuta kura kwa machozi hayo hayo. Mikono yangu ilitaka kwenda. Naapa ilitaka kwenda. Lakini nilijua nikilipokea tu, shairi langu limezikwa, na pamoja nalo kila neno ambalo ningeweza kusema juu ya maji yale.

Nikaikunja mikono kifuani, nikapata wazo ambalo niliona limetoka mbinguni.

"Mimi nachota maji ya bomba hapa Themi," nikamwambia. "Hukuninyima kitu. Wenye jambo ni wale waliokuwa wanachota pale. Anza kwao. Wakishapokea wote, njoo kwangu."

Aliinua macho taratibu. "Niende kwa kila mmoja?"

"Kila mmoja."

"Sawa, Dada. Umesema vizuri."

Akashukuru, akapanda bodaboda, akaenda. Nilijiona mtu mwenye hekima. Nilimweleza jirani yangu, mama wa Kiislamu kutoka Kondoa anayeshona nguo barazani kwake, nikitegemea sifa. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka nilipomaliza.

"Na hao wanawake," akauliza, "kama hawataki kusamehe?"

"Hawawezi kukataa. Isale halikataliwi."

"Kwetu mwenye kudhulumiwa akitaka atasamehe, asipotaka atamngoja Mungu." Akakata uzi kwa meno. "Sasa wewe umemtuma akaombe msamaha, au umemtuma akawafunge midomo?"

Nilicheka. Kicheko hakikufika mbali. Usiku sikulala vizuri, na siku zilizofuata nilifundisha vitenzi nikiwa dirishani, darasa likitazama mgongo wangu. Nilimpigia Mama kuuliza habari za huko. Akasema, kwa furaha ambayo sikuisikia kwake tangu baba afariki, kwamba mambo yanakwenda vizuri, kijana anapita nyumba kwa nyumba, hata kwake yeye alifika na amempokea. Nikataka kumwambia amzuie. Ningemzuiaje mtu kuomba radhi?

Siku ya mavuno nilipanda mapema. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa mikungu ya ndizi, maboga, kuku waliofungwa miguu, sufuria la mayai. Mlima ulikuwa wazi kabisa, mweusi juu na kijani chini, na sikuweza kuutazama. Ibada ilikuwa nzuri na sikuisikiliza. Nilibadilisha benchi mara kadhaa, mpaka mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole kama naumwa.

Baada ya ibada nilimtafuta mama mmoja jirani yetu, rika la Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wa wachotaji wote. Yeye ndiye aliyekuwa ameandaa wanawake wenzake wapeleke suala la chemchemi kwenye mkutano mkuu wa kijiji: miti ipandwe upya, bonde liachwe, ujenzi usogezwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu nyumbani."

"Mkutano wenu ni lini? Nataka nije."

Alipangusa vumbi ambalo halikuwapo kwenye khanga yake. "Hakuna mkutano."

"Kwa nini?"

"Alikuja na isale. Alipita kwa kila mmoja. Alisema ni wewe uliyemtuma, na sisi tukaona kama amekutanguliza wewe, basi ni kweli."

"Aliahidi nini? Atapanda miti?"

"Hakuulizwa. Ukiuliza umeshalitaja." Sauti yake haikuwa ya lawama, na hapo ndipo iliponichoma. "Mwalimu, tumeshapokea. Hatutaji, na akitaja mwingine sisi hatukai kusikiliza. Wewe je, umeshapokea?"

"Bado."

Akaenda kuangalia kuku wake.

Mwerevu hajinyoi, akijinyoa hujikata. Mimi nilikuwa nimenyoa kijiji kizima. Katazo ambalo nililikwepa kwa ajili ya shairi langu nilikuwa nimelipeleka mlango kwa mlango kwa watu ambao hawana redio ya kusomea, hawana kitu ila malalamiko yao. Na desturi yenyewe haikuwa na kosa. Imezuia ndugu wengi kuuana. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaoogopa kile wanachokiomba. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja ataitumia mtu anayehesabu nyumba. Nilisimama pale kati ya maboga nikitamani kuomba, na sikujua kama niombe nikitazama msalaba wa mnarani au nikitazama mlima kule juu.

Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa. Mama alikuwa mstari wa mbele na kitenge kipya. Mshereheshaji alipoanza kunitaja, mdogo wangu akainuka kwenye kiti kilicho kando ya Mama, akanijia mbele ya watu wote. Alikuwa na jani jingine. Fundo lake lilikuwa limefungwa vizuri kuliko la kwanza.

"Dada, wote wamepokea. Umebaki wewe."

Watu walinyamaza kwa namna ile ya watu wanaopenda mambo yaishe vizuri kabla ya chakula. Mama alikunja mikono yake kana kwamba yuko ibadani bado.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Nipumzike."

Nilimtazama mdogo wangu. Sikuona mtu mbaya. Niliona yule yule niliyembeba, amenenepa kidogo, anatoka jasho juu ya mdomo. Kama angesema pale pale kwamba atapanda miti, hata mmoja, ningelichukua jani lile na kulia shingoni mwake. Nilingoja aliseme. Nadhani nilimngoja mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Miti utairudisha?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Dada," akajibu, chini vilevile, "hayo yameshaisha."

Nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaishikanisha huko isije ikanisaliti. Nikampita, nikashika kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kuona isale likikataliwa, mimi pia sikuwahi. Niliwaona akina mama wakitazamana. Nilisema jina la shairi, ambalo ni jina la chemchemi yetu kwa Kimeru, na nikaanza.

Ubeti wa kwanza haukuwa umekwisha pale mama yule jirani aliposimama. Akajifunga khanga, akatoka chini ya turubai. Akafuata wa pili, wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila hasira na bila kelele, viti vikikwaruza ardhi. Walikuwa wanafanya kama alivyoniambia. Mwisho akasimama Mama. Aliniangalia mara moja tu, akageuka, akaenda kuungana nao kwenye ua wa kanisa, wakapanga mstari huko wakitupa migongo, nyuso zao zikielekea mlimani. Chini ya turubai walibaki wanaume wachache wasiojua watazame wapi, na mdogo wangu, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti chake na jani mapajani.

Nilikuwa nimewafunga midomo, sasa nawafukuza hata kwenye kivuli. Nikashusha kipaza sauti. Nilifikiri, basi, imetosha, nenda ukapokee, nani anakusikiliza.

Ndipo Mama akasema, bila kugeuka, akiutazama mlima:

"Paza sauti, mwanangu. Huku hatusikii."

Hakuna hata mgongo mmoja uliotikisika. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nikainua kipaza sauti, nikaanza upya kutoka ubeti wa kwanza, kwa nguvu zangu zote, nikijua kwamba kila mstari unanitoa kwa mdogo wangu, na sikuacha mpaka nilipofika kwenye katapila.